Mwani wa Pemba na wa Unguja: p yangu ni 0.003, naambiwa sampuli yangu ni 3. Nishike lipi?

#1 Ngisi_Mdogo
Assalaam alaykum wadau. Nnaandika tasnifu ya uzamili. Suala langu: spinosamu (mwani mwembamba) wa Pemba unakua haraka kuliko wa Unguja, au ni maneno ya watu tu? Nilichukua vijiji 3 kila kisiwa (sivitaji, msije mkanijua). Kila kijiji shamba moja la vigingi na kamba, mbegu 20 zimefungwa kwa taitai (vikamba vya kufungia mbegu), kila mbegu gramu 100. Baada ya siku 28 nikapima tena. Jumla mbegu 120. Nikafanya jaribio la t, la kulinganisha wastani wa makundi mawili, Pemba upande mmoja, Unguja upande wa pili: p = 0.003 (p ikiwa ndogo, watu huichukua kuwa dalili ya tofauti), Pemba juu. Msimamizi wa kwanza kafurahi. Wa pili karudisha karatasi kaandika kwa kalamu nyekundu "n = 3" na hakuongeza neno. Mwengine wa ofisi ya jirani kaniambia data za viumbe hazitaki t, nitumie Mann-Whitney. Nimechanganyikiwa.

#2 MpembaHalisi
Jaribio la nini tena? Mwani mwingi wa Zanzibar unatoka Pemba, hilo linajulikana hata bila ya kompyuta. Funga uzi.

#3 Chukwani_Kwetu
Yakhe #2, wingi wa mwani ni wingi wa mashamba na wa mikono. Kasuala kake ni kasi ya kukua. Mtu anaweza kuwa na kamba elfu zinazokua polepole akamshinda mwenye kamba mia zinazokimbia.

#4 Maalim_Logi
Wa alaykum salaam. Msimamizi wa pili bahili wa maneno lakini kasema kweli. Swali lako ni la visiwa, na ulichokirudia ndani ya kisiwa ni kijiji. Mbegu 20 za shamba moja zimeshiriki maji, mkondo, mchanga, samaki wanaozila, mpaka mkono wa aliyezifunga. Ukionja chungu kimoja cha pilau mara ishirini hujaonja vyungu ishirini. Jaribio la t linaamini kila namba imekuja peke yake. Sharti hilo likivunjika, p inatoka ndogo kuliko inavyostahiki. Mwaka 1984 Stuart Hurlbert aliwaandikia wanaikolojia makala nzima juu ya marudio bandia ya namna hii, na bado yanafanywa kila siku.

Chukua wastani wa kila kijiji, ubaki na namba 6, kisha jaribio la t la 3 kwa 3. Digrii za uhuru ni 4 (namba 6 toa makundi 2), kwa hiyo t yako lazima ivuke 2.776 ili p ishuke chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka.

#5 Ngisi_Mdogo
Ahsante Maalim. Na nikifanya Mann-Whitney kwa hizo wastani 6?

#6 Sindano
Usijaribu, dada. Mie niko maabara, hili nnalijua. Mann-Whitney inaangalia vyeo tu: nani wa kwanza, nani wa pili, mpaka wa sita. Vyeo sita kuvigawa tatu kwa tatu kuna njia 20. Njia moja Pemba wote juu, njia moja wote chini. Kwa hiyo p ndogo kabisa ya pande mbili ni 2 kwa 20, yaani 0.1. Hata mwani wa Pemba ungerefuka mpaka Tanga, usingepata 0.05. Ungekuwa na vijiji 4 kwa 4 njia zingekuwa 70, na p ndogo kabisa 0.029. Kijiji kimoja tu kila upande kingekufungulia mlango.

#7 Ngisi_Mdogo
Yaani nilishashindwa kabla sijatia mguu majini?!

#8 Chukwani_Kwetu
Hujashindwa, hukuuliza mapema tu. Wanaikolojia wote huja kwa mtakwimu maiti ishaoshwa.

#9 PakaShume
Mbona mnamtisha mtoto wa watu? Msimamizi wa kwanza anataka jaribio la t, mpe jaribio la t. Hitimu, upate kazi, hayo ya Hurlbert utayasoma ukiwa na mshahara.

#10 Maalim_Logi
PakaShume, siku ya utetezi utakaa wewe mbele ya huyo wa kalamu nyekundu?

#11 BiMwani
Wanangu mimi sijui hiyo t. Mwani nalima tangu ulipoanza kuingia huku pwani ya mashariki, mwaka 1989. Nataka kumuuliza Ngisi: mbegu nani alichagua? Mkulima yeyote akiambiwa "lete mbegu ishirini za utafiti" atakuletea zile nzuri, ncha changa zinazong'aa. Mwengine siku hiyo hana mbegu nzuri, atakuletea zilizobaki. Na alizifunga wapi? Kamba ya upande wa bara na kamba ya upande wa mwamba hazikui sawa hata kama zimeachana hatua kumi. Halafu samaki tasi. Tasi wakishalijua shamba lako, mwanangu, utakuta taitai tupu.

#12 Ngisi_Mdogo
Shikamoo Bi. Mbegu walichagua wenyewe wakulima. Na kweli kuna taitai tupu: 120 ndizo zilizopandwa, zilizopimwa mwisho ni 104. Zilizokatika sikuzitia kwenye hesabu kwa sababu hazina uzito.

#13 Sindano
Marahaba kabla Bi hajajibu, maana hapo kumekucha. Zimepotea wapi zaidi?

#14 Ngisi_Mdogo
Kijiji kimoja cha Unguja 7. Chengine cha Unguja 4. Pemba nzima 5.

#15 Sindano
Basi una masuala mawili umeyafunga kwenye kamba moja. La kwanza: mbegu imebaki au imeondoka? Hilo ni ndiyo na hapana, linakwenda kwa kai-skwea ya Pearson, au jaribio halisi la Fisher pale ambapo hesabu inayotarajiwa kwenye chumba cha jedwali iko chini ya 5. La pili: zilizobaki zimekua kiasi gani? Na hizo mbili zinaingiliana. Ikiwa zinazokatika ni zile dhaifu, waliobaki ni mashujaa tu, na wastani wa kijiji kile unapanda bila ya haki. Ikiwa tasi wanapenda zilizonawiri, unashuka bila ya haki. Hakuna jaribio litakalokwambia ni lipi kati ya hayo. Anayejua ni aliyekuwepo maji yanapotoka.

Kwetu maabara hali ni hiyo hiyo na kichocho. Mkojo mililita 10 unachujwa, yanahesabiwa mayai. Watoto wengi sifuri, wachache wana mayai matatu, mmoja ana mia nne. Wastani wa darasa unatawaliwa na huyo mmoja. Mtu akija na jaribio la t juu ya namba hizo mie hufunga daftari. Tunauliza mbali kwanza nani ana mayai na nani hana, kisha wangapi wamefika 50 kwa mililita 10, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita maambukizi mazito. Wenye ujuzi zaidi wanatumia modeli ya binomia hasi, ambayo imeumbwa kwa ajili ya hesabu za namna hii.

#16 KusiMatlai
Kwa nini msichukue logi ya mayai mkaendelea na t?

#17 Sindano
Logi ya sifuri haipo, kaka. Watu wanaongeza 1 kwanza, halafu majibu yanategemea hiyo 1 waliyoitia. Wakiongeza nusu yanabadilika.

#18 KusiMatlai
Na hiyo Mann-Whitney mnayoidharau?

#19 Sindano
Sijaidharau. Mwenye sampuli nzuri aitumie. Lakini sifuri zikiwa nusu ya darasa, nusu nzima ina cheo kimoja, na jaribio linabaki na machache ya kupanga.

#20 MpembaHalisi
Mnazunguka. p = 0.003, maana yake kuna uhakika wa asilimia 99.7 kwamba Pemba inakuza zaidi. Mnataka nini tena?

#21 Maalim_Logi
Hapana. p inaanza kwa kujifanya hamna tofauti yoyote, kisha inauliza: ingekuwa hivyo, mara ngapi ungepata data zenye tofauti kubwa kama hii au zaidi? Haikwambii Pemba ina uhakika kiasi gani. Kosa hili limeenea kiasi kwamba Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kueleza p ni nini na si nini. Na hiyo 0.003 yenyewe imehesabiwa kana kwamba mbegu zote hazijuani.

#22 MpembaHalisi
Wapemba hujuana kwa vilemba, sembuse mbegu zao.

#23 Chukwani_Kwetu
😂😂 Hapo umejifunga mwenyewe. Zikijuana hazihesabiwi moja moja, ndiyo anachosema Maalim.

#24 KusiMatlai
Tukiwa hapo hapo, nani kasema 0.05 ndiyo mpaka? Nilifundishwa ni Student, mwanafunzi wa mtakwimu Fisher.

#25 Chukwani_Kwetu
Umefundishwa nusu. Student ni jina la kujificha. Mwenyewe William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alichapisha jaribio lake la t mwaka 1908. Alikuwa mkubwa kwa Fisher kwa umri. Shida yake ilikuwa sampuli ndogo. Hiyo 0.05 ndiyo aliyoitia nguvu Fisher kwenye kitabu chake cha 1925, kama kipimo cha kumrahisishia mtu kazi.

#26 PakaShume
Kumbe jaribio la t limezaliwa kiwandani mwa bia! Ngisi, msimamizi anajua? Hii tasnifu itapita Chuo Kikuu gani hapa Unguja?

#27 BiMwani
Astaghfirullah. Tumieni hiyo ya vyeo.

#28 Sindano
Bi, ya vyeo kaianzisha Wilcoxon, 1945, naye mkemia. Mann na Whitney wakaipanua 1947. Hiyo salama 😄

#29 Tumbatu_Kavu
Salaam. Mimi nngefanya tofauti. Vijiji 6, nalinganisha kila kimoja na chenzake kwa jaribio la t, naona nani kamshinda nani. Mambo ya visiwa naacha.

#30 Maalim_Logi
Jozi 15 hizo. Kila jozi ukiipa nafasi ya 0.05 ya kukudanganya, na jozi zikiwa huru, nafasi ya kudanganywa angalau mara moja ni kama 54 kwa 100. Ndiyo maana ikatungwa anova, jaribio moja la makundi yote kwa pamoja, ukimaliza ndipo jaribio la Tukey likakusaidia kulinganisha jozi.

#31 Tumbatu_Kavu
"Jozi zikiwa huru." Haziko huru, kila kijiji kimo ndani ya jozi 5. Kwa hiyo 54 yako nayo ni ya kukisia.

#32 Maalim_Logi
Sawa, si 54 kamili. Lakini hutaifikisha 5. Na tatizo la shamba moja kila kijiji bado liko pale pale: ukikuta kijiji A kimeshinda B, ni kijiji au ni shamba la mama fulani?

#33 MtuWaModeli
Mnamrudisha nyuma dada. Wastani 6 ni kutupa habari. Atumie modeli mseto, kijiji kiwe athari ya kubahatisha, yaani modeli ijue mbegu zipi zimetoka kijiji kimoja. Kwenye programu ya R:
lmer(ukuaji ~ kisiwa + (1|kijiji))
Mbegu zote 104 zinatumika, na vijiji vyenye mbegu chache vinapewa uzito wake. Kama mshikamano wa mbegu ndani ya kijiji ni mdogo, mathalani 0.05, zile 120 zingekuwa sawa na mbegu huru kama 61.

#34 Sindano
Na ukiwa 0.3? 1 ongeza 19 (mbegu 20 za kijiji toa moja) mara 0.3 ni 6.7. Gawa 120 kwa 6.7, unabaki na 18. Umechagua 0.05 kwa kuwa inapendeza.

#35 MtuWaModeli
Sikuchagua, nimetoa mfano. Data zenyewe zitasema.

#36 Maalim_Logi
Vijiji sita vitasema nini juu ya mtawanyiko wa vijiji? Modeli itakupa namba, lakini namba hiyo inayumba. Na kwa swali la kisiwa, mbegu zikiwa sawa kwa idadi kila kijiji, jibu la modeli na jibu la wastani 6 ni lile lile. R haitengenezi vijiji.

#37 MtuWaModeli
Idadi si sawa, kapoteza 16.

#38 Maalim_Logi
Tofauti itakuwa ndogo. Jaribu uone.

#39 KusiMatlai
Mbona hakuna aliyeuliza kama data zina mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele? Sie tulifundishwa kuupima kwa jaribio la Shapiro-Wilk kwanza, ikikataa unakwenda Mann-Whitney. Mambo yamekwisha.

#40 Ngisi_Mdogo
Nilifanya. Shapiro ilikataa kwa namba zote pamoja.

#41 Sindano
Zote pamoja, visiwa viwili kwenye kapu moja? Itakataa tu ikiwa vina vilele viwili, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta. Kinachopimwa ni mabaki, yaani kila namba ikitolewa wastani wa kundi lake. Shapiro mwenyewe ana tabia mbaya: sampuli ikiwa ndogo haoni kitu, ikiwa kubwa anapiga kelele kwa kasoro isiyodhuru. Chora picha, utazame kwa macho. Kuliko mgawanyo, mimi ningeogopa zaidi mtawanyiko kutofautiana, na kwa hilo liko jaribio la Welch. R inalifanya bila kuombwa. Kwenye Ekseli ni aina ya 3, watu wengi wanabonyeza 2. SPSS inatoa mistari miwili, watu wanasoma wa juu.

#42 KusiMatlai
Kwa hiyo ule mchoro wa mishale tuliokaririshwa, "kawaida? ndiyo, hapana"?

#43 Sindano
Unafaa kwa mtihani.

#44 Tumbatu_Kavu
Dada, "ukuaji" wako umeuhesabu vipi? Hujasema.

#45 Ngisi_Mdogo
Asilimia kwa siku. Mfano 100 imekuwa 300: ongezeko 200, gawa kwa 100, gawa kwa siku 28, sawa na asilimia 7.1 kwa siku.

#46 Tumbatu_Kavu
Ehee. Mwani unakua juu ya kilichokwishakua, kwa hiyo wenzetu wa mwani wanatumia logi: logi asilia ya 300 kwa 100 ni 1.0986, gawa kwa 28, mara 100. Inatoka 3.92 kwa siku. Ukiandika 7.1 na mwenzako kaandika 3.92 mtadhani mwani wako umekula mbolea. Na hiyo logi inapunguza mkia wa mbegu chache zilizovimba, pengine hata Shapiro wa KusiMatlai atanyamaza.

#47 MtuWaModeli
Hili zuri. Na siku zilikuwa 28 kila kijiji?

#48 Ngisi_Mdogo
Vingi. Kimoja siku 30, upepo ulitukatalia.

#49 BiMwani
Siku 28 ni mabamvua mawili, ndivyo sie tunavyokwenda, kupanda bamvua hili na kuvuna la pili baada yake. Lakini miezi ile ile? Pwani ya Jambiani wakati wa kusi bahari inachafuka, kamba zinapigwa. Kaskazi maji yanakuwa moto, ncha zinageuka nyeupe, zinakatika. Mwani mnene, huo mnaouita kotonii, umetukimbia sehemu nyingi kwa sababu hiyo, na sio zamani tulikuwa tunauuza kwa bei nzuri kuliko huu mwembamba. Ukipima Pemba wakati mzuri na Unguja wakati mbaya, mwanangu, umepima mwezi.

#50 Ngisi_Mdogo
Pemba nilianza, Unguja nikamalizia. Mwezi mmoja baadae.

#51 Chukwani_Kwetu
Allah! Sasa ni kisiwa au mwezi? Huwezi kuvitenganisha, vimekwenda pamoja.

#52 MpembaHalisi
Ni kisiwa.

#53 Maalim_Logi
Angepima vijiji vyote kila mwezi angeweza kulinganisha mwezi kwa mwezi, kwa jozi. Hapo pia angalia idadi: jaribio la vyeo la Wilcoxon kwa jozi 5 haliwezi kushuka chini ya 0.0625. Jozi 6 linafika 0.031. Lakini hizo ni tofauti za miezi ya vijiji hivyo hivyo, usije ukaziita vijiji vipya.

#54 MtuWaModeli
Ana data ya wastani wa joto la maji? Aitie kwenye modeli.

#55 Maalim_Logi
Vijiji sita, na unataka kutia kisiwa na joto? Utabaki na digrii 3 za uhuru. Hapo ni kupiga ramli.

#56 PakaShume
Nilisema apewe jaribio la t ahitimu. Tazameni sasa, post 55, mtoto hana hata samaki wa kula usiku.

#57 Ngisi_Mdogo
Nawasoma wote, ahsanteni. Nimezungumza na wa kalamu nyekundu. Kasema nisitafute jaribio la kuniokoa: nichukue wastani 6 kwa njia ya logi, nitoe tofauti ya visiwa na mipaka yake ya uhakika, niseme wazi kuwa mwezi umechanganyika na kisiwa, na sura ya mbegu zilizokatika iwe peke yake. Nimehesabu. Tofauti bado inaelekea Pemba, ila mipaka yake inapita sifuri, yaani huenda hamna tofauti. Msimamizi wa kwanza anataka ile 0.003 ibaki kwenye muhtasari. Naomba rai: niitaje kabisa au niiache?

#58 Tumbatu_Kavu
Iache. Ikikaa kwenye muhtasari ndiyo itakayonukuliwa.

#59 MtuWaModeli
Itaje, ueleze kwa nini haifai. Kuficha namba uliyokwishaiona nako ni kosa.

#60 MpembaHalisi
Mipaka inapita sifuri kidogo au sana?

#61 Ngisi_Mdogo
Kidogo.

#62 MpembaHalisi
Basi ongeza kijiji cha nne. Njoo Micheweni, mashua na chakula juu yangu.

#63 Sindano
Ukiongeza kijiji kwa sababu umeona matokeo yamekaribia, hiyo p ya baadae nayo haina maana yake tena. Na ukiongeza cha Pemba peke yake ndiyo balaa. Kama unarudi majini, anza upya: vijiji vinne au zaidi kila upande, mwezi mmoja, mbegu unachagua wewe kwa kura, mashamba mawili kila kijiji.

#64 BiMwani
Na uje na mzani wako. Mwani unapimwa ukishachuruzika maji, sio unatoka baharini unatiwa kwenye mzani. Huko ulikopima, walichuruzisha muda sawa?

#65 Chukwani_Kwetu
Bi, tafadhali, msimalize dada wa watu.

#66 KusiMatlai
Nami nina suala, samahani kwa kuingilia: nnahesabu popo wa Pemba wanapotoka kwenye miti ya kulala jioni, mti mmoja, jioni nyingi. n yangu ni popo, jioni au mti?